Vibanja Ambavyo Sikuvihesabu

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka mpaka harufu yake: harufu ya rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na ya majani ya migomba yaliyolowa mvua. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikaa kwenye benchi uani kwa balozi wetu wa nyumba kumi, huku Kimuli, daftari likiwa magotini, na wazee walionizidi umri mara mbili walikuwa wamenyamaza wanisikilize. Sijawahi kujiona mtu kama siku ile. Na sijawahi kumkosea mtu kama nilivyomkosea Bigirimana siku ile.

Nimesikia kwamba huko chuoni mmeambiwa muandike utafiti, na kwamba kila mmoja lazima aweke nadharia tete yake mbele kabla ya kwenda kukusanya habari. Mimi shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, wala mzazi wangu hakushindwa karo. Nilishindwa mwenyewe kutulia. Nilichimba bati Kyerwa, nikabeba magunia ya kahawa Kayanga, nikakaa Bugene kwa fundi baiskeli mpaka tukagombana, nikavuka kwenda Uganda nikarudi. Kwa hiyo usinitafute kwenye vitabu. Lakini hilo neno nadharia tete nilifundishwa na mtu aliyelijua, na karo niliyolipa ilikuwa nusura iwe nyumba ya mwenzangu.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita na Amini. Migomba ya Kimuli ilikuwa inaanguka. Unaamka asubuhi unakuta mgomba uliokuwa umebeba ndizi umelala chini, mizizi imeng'oka kama jino bovu, na ndizi zenyewe hazijakomaa hata za kuchemsha. Wewe uliyekulia mjini huenda hujui uzito wa jambo hilo. Kwetu kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, ndicho chakula, ndicho pombe ya mahari, ndicho sura ya mwenye nyumba. Mgomba ukianguka na ndizi changa, watu husema mwenyewe ni mvivu, au nyumba ina jambo.

Ndipo akaja Bibi Shamba, mama mmoja wa Kihaya aliyeitwa Editha, mwembamba, na pikipiki yake yenye mlio wa kukohoa. Alitumwa kuchunguza. Alihitaji mtu anayejua kuandika, anayejua njia zote, na asiye na kazi ya maana. Watu wote wakanionyesha mimi kwa kidole.

Akanipa daftari. "Kamugisha," akasema, "pita kwenye vibanja. Niandikie wapi imeanguka na wapi haikuanguka. Na kama una wazo la sababu, liandike ukurasa wa kwanza kabla hujatoka."

"Sababu naijua, Bibi Shamba."

"Hujui. Unadhani. Andika unachodhani."

Nikaandika: Migomba inaangushwa na muhoro wa Bigirimana.

Bigirimana alikuwa kibarua, Mrundi kwa asili, aliyehamia kwetu na mkewe Spesioza kabla ya vita. Alizunguka nyumba hadi nyumba akikata majani makavu na kung'oa visiki kwa muhoro wake, lile panga fupi lenye kichwa kilichopinda. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao, kama kwamba chetu sisi Wanyambo hakikuwa nayo. Minong'ono ilikuwa imeshaanza kwamba alikopita yeye, migomba ilifuata chini. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja.

Nataka uelewe, mwanangu, kwamba dhana yangu haikuwa ya kipumbavu. Chuma kinachokata mgomba mgonjwa na kuingia kwenye mzima kinaweza kubeba ugonjwa. Bibi Shamba mwenyewe alikiri hivyo baadaye. Mtu hakosei kwa kudhani. Nilikosea kwa nilichofanya baada ya kudhani.

Nilichukua siku mbili. Nilikwenda kwenye vibanja tisa, vyote ambavyo Bigirimana alifanya kazi msimu ule. Katika saba nilikuta migomba imeanguka. Saba katika tisa! Moyo ulinidunda kama wa mtu aliyeona mnyama mkubwa kwenye mtego wake. Ilikuwa nimpelekee Bibi Shamba daftari kwanza, lakini alikuwa Kibingo kwa kazi nyingine mpaka Ijumaa, na njia ya kwenda kwangu ilipita kwa balozi, na kwa balozi kulikuwa na rubisi.

Balozi wetu, Mzee Kaijage, alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya macho yake. Akanikaribisha kibuyu. "Haya, msomi wetu wa darasa la sita na nusu," akatania, "daftari linasemaje?"

Watu wakacheka. Na mimi, ili wasicheke tena, nikalisoma. Nikasoma jina la kila nyumba aliyofanya kazi Bigirimana na migomba iliyolala. Kicheko kikaisha.

"Umehesabu mwenyewe?" akauliza balozi.

"Kwa macho yangu."

"Basi si minong'ono tena," akasema, akaweka kibuyu chini. "Imeandikwa."

Jioni hiyo hiyo Bigirimana aliambiwa ahame kabla ya Jumapili inayofuata, yeye, mkewe na watoto watatu, aache kibanja kidogo alichopewa na mibuni yake iliyokuwa inaanza kuzaa. Sikuona ubaya. Nililala vizuri, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ijumaa Bibi Shamba alirudi. Nikampokea pikipiki kwa madaha, nikamwamkia shikamoo, nikampa daftari. Alilisoma amesimama. Kisha akageuza ukurasa. Akageuza mwingine, mtupu.

"Vingine viko wapi?"

"Vipi, Bibi Shamba?"

"Vibanja ambavyo Bigirimana hakufanya kazi."

"Huko sikwenda."

"Kwa nini hukwenda?"

"Ningekwenda kutafuta nini?"

Hakunikaripia kwa sauti; ingekuwa afadhali. Akasema, "Kamugisha, ulikwenda kuchota mahali ulipokwisha kumwaga. Sasa nimesikia njiani kuna watu wanafunga mizigo. Ni kwa ajili ya hili daftari langu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akazima pikipiki, akakaa kwenye jiwe la kuanikia kahawa, akaniambia nikae. Yale aliyoniambia pale nimeyabeba miaka yote hii, na kwa kuwa nimeyasema kwa watu wengi, huenda mengine yamepata ladha ya mdomo wangu. Nisamehe kwa hilo.

Alisema dhana unayoiweka mbele ili uipime ndiyo nadharia tete, na inaitwa tete kwa sababu bado ni laini, haijakomaa. Kazi yako ni kuiminya uone kama itapasuka. Yangu, alisema, ilikuwa sahili: jambo moja linasababisha jambo moja, muhoro unaangusha mgomba. Kuna nyingine ni changamano, zinashika mambo mengi kwa pamoja: pengine udongo uliochoka, na kukosa samadi, na mdudu, vyote vikishirikiana kuangusha mgomba na kudhoofisha ndizi. Shamba mara nyingi liko hivyo, lakini mtu mwenye hasira hupenda ile sahili, kwa kuwa ile sahili ina jina la mtu.

Tena, alisema, yangu ilikuwa na mwelekeo. Sikusema tu kwamba kutakuwa na tofauti kati ya vibanja vya Bigirimana na vingine. Nilisema upande gani utakuwa mbaya. "Mtu ambaye hajui," akasema, "anaweza kuanza na ile isiyo na mwelekeo: kuna tofauti, ila sijui ni kubwa huku au kule. Mwelekeo si dhambi. Lakini ukishauchagua, miguu yako nayo itaelekea huko huko. Ya kwako ilielekea."

Nikamuuliza, maana hata katika aibu mdomo wangu ulikuwa haujui kufunga, "Sasa ningeanza na ipi?"

"Na ile usiyoipenda," akasema. "Ile inayokanusha. Andika: Muhoro wa Bigirimana hauna jambo, alikopita na asikopita ni sawa sawa. Hiyo ndiyo nadharia tete kanushi. Iache isimame. Halafu nenda ukaisukume kwa nguvu zako zote na hesabu zako zote. Ikianguka, ndipo uishike ile mbadala, kwamba muhoro una jambo. Ikikataa kuanguka, iache hapo hapo iliposimama. Ni kama mshitakiwa mahakamani: haendi pale kuthibitisha kwamba hakuiba. Anayesema kaiba ndiye mwenye kazi."

"Na wale wanaosema ana jicho?" nikauliza. "Wanasema hata asiposhika mgomba, akiutazama tu."

Akatikisa kichwa. "Hiyo haipimiki. Mgomba ukianguka, ni yeye. Usipoanguka, amejizuia. Dhana isiyoweza kushindwa kwa namna yoyote usiiweke kwenye daftari langu. Hiyo ni fitina."

Kisha akasimama. "Una kesho tu, maana keshokutwa ndiyo Jumapili yao. Vibanja ambavyo hajagusa, usichague. Shika njia, ingia kila cha tatu, upende usipende. Lakini anza kwa yule uliyemwandika. Umewahi kuzungumza naye?"

Sikuwahi, mwanangu. Nilikuwa nimeandika jina la mtu mara tisa, na sikuwahi kumwambia hata habari za asubuhi.

Nilimkuta Spesioza anafunga masufuria kwa kanga. Bigirimana alikuwa nyuma ya nyumba, ameiinamia mibuni yake, hakugeuka. Nikaanza kujieleza, nikajikwaa. Spesioza akanikatiza.

"Wewe ndiye wa daftari?"

"Ndiyo, mama."

"Mume wangu anaitwa wapi kufanya kazi? Umeuliza hilo?"

Nikatikisa kichwa.

"Anaitwa mahali ambapo mgomba umeanguka! Mwenye nyumba hawezi kung'oa kisiki, ndiyo anatuma mtoto, kamwite Bigirimana. Sasa wewe ukimkuta mganga amekaa kwa mgonjwa, utasema ndiye aliyeleta homa?" Akafunga fundo kwa nguvu. "Na huko ulikosoma hukufundishwa hilo?"

Nilikaa chini, kwenye vumbi. Jambo dogo namna ile, na sikuliona. Ndiyo maana wazee walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini naongeza langu: mwenye dhana lazima aambiwe.

Kesho yake tangu alfajiri nikashika njia. Kila kibanja cha tatu. Katika vinne vya kwanza sikuona mgomba hata mmoja ulioanguka, na nakiri kwako kwamba nilifurahi. Kiburi hakifi siku moja. Niliona kama nilikuwa sahihi tangu mwanzo, na kwamba yule mama alitumia tu ulimi wake mkali.

Cha tano kikawa kwa balozi. Bigirimana hajawahi kutia mguu pale. Mzee Kaijage alijivunia kwamba kibanja chake kinahudumiwa na mikono ya nyumbani. Mkewe, Ma Joventa, akanipokea, akanionyesha migomba iliyonyooka, mkeka wa nyasi nzito umetandazwa chini kama tulivyofundishwa na mababu. Nikatembea kati yake, na mguu wangu ukazama mpaka kwenye kifundo. Nikainama, nikainua nyasi. Chini yake kulikuwa na shina la mgomba limelala, limeoza. Pembeni yake jingine.

Ma Joventa alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono mdomoni.

"Tunaufunika," akasema polepole. "Ukianguka tu, kabla jirani hajapita, tunaufunika. Kila nyumba, baba. Mama mkwe wangu ndiye aliyenifundisha." Akatazama upande wa nyumba, mumewe hakuwepo. "Ninyi wanaume mnakuja mnatazama juu, kwenye majani."

"Niandike, mama?"

"Yule Spesioza alinishika mkono wakati wa kujifungua mtoto wangu wa mwisho," akasema. "Andika. Jina acha."

Nikarudi kwenye vile vinne, kisha nikaenda mbele mpaka vikatimia kumi. Nikaomba ruhusa, nikainua nyasi. Kina mama walikataa kwanza, kisha nilipowaambia kwamba hata huko mbele nimeshaona, wakanionyesha wenyewe mahali. Na kwa kuwa sasa nilijua kwamba ukiinua nyasi huku lazima uinue na kule, nilirudi kwenye vile tisa vya kwanza pia. Jua lilipoanza kuinama, miguu ilikuwa imevimba na daftari limejaa. Alikofanya kazi Bigirimana, vibanja vinane katika tisa vilikuwa vimeangusha. Alikokuwa hajakanyaga kabisa, tisa katika kumi.

Tulikutana uani kwa balozi siku ile ile, Bibi Shamba akiwepo. Aliniachia mimi nizungumze. Nilisimama pale pale nilipokuwa nimekaa na kiburi changu. Nikasema, "Wazee wangu, juzi niliwasomea nusu ya habari, nikawaacha mdhani ni yote. Kosa ni langu." Nikasoma hesabu zote mbili, bila majina.

Kulikuwa na kelele. Mmoja akasema, "Nyumba kumi hizo ziko wapi? Kwangu haujaanguka hata mmoja!" Mwingine akamjibu, "Kwako? Tuje tuinue nyasi?" Watu wakacheka, kicheko cha wasiwasi, kila mtu akitazama miguu yake.

Balozi hakucheka. "Katika hizo kumi, yangu imo?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeahidi. Nikakaa kimya, na kimya changu kikawa kibaya kuliko jibu. Ma Joventa akatoka mlangoni na beseni lake, akasema bila kupandisha sauti, "Imo, baba Joventa. Migomba mitano."

Mzee Kaijage akamgeukia Bibi Shamba. "Kwa hiyo muhoro wa yule mtu ni safi?"

Hapa ndipo nilipomheshimu mama yule kuliko wote. Angeweza kusema ndiyo, na kila mtu angefurahi. Alisema, "Sijui kama ni safi mpaka mwisho wa dunia. Ninachojua ni kwamba hamjaonyesha kitu. Na kwa kitu msichoonyesha, mtu hahamishwi."

"Mnyonge mnyongeni," akanong'ona mzee mmoja, "haki yake mpeni."

Balozi akainuka, akachukua fimbo yake, akaenda mwenyewe kwa miguu mpaka kwa Bigirimana. Sikusikia walichosema. Niliona tu, kwa mbali, Spesioza akirudisha masufuria ndani, moja moja.

Utauliza, basi nini kiliangusha migomba? Bibi Shamba alipasua visiki, akatuonyesha mashimo na fukusi, wadudu weusi wenye pua ndefu. Wazee wakashangilia kwamba jibu limepatikana. Yeye akasema, "Hapana, hii ni nadharia tete nyingine. Nayo tutaipima." Wakaguna. Alirudi misimu mingi kuipima, na mimi nikiwa naye mpaka miguu yangu ilipokataa tena kutulia.

Bigirimana hakunisamehe upesi. Msimu mzima nilimwamkia akaniitikia kwa kichwa tu. Siku aliyonijibu kwa maneno, aliniuliza, "Ulipoandika jina langu, uliniona sura?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi siku nyingine tazama kwanza," akaendelea na kazi. Aliishi Kimuli mpaka watoto wake wakaoa na kuolewa hapo hapo.

Sasa mwanangu, nasaha yangu ni hii, na naisema wazi ili usihangaike kuitafuta. Dhani, usiogope, asiyedhani hatafuti. Andika dhana yako kabla hujatoka mlangoni, ili usije ukaibadilisha njiani ukajidanganya. Jua ni ya namna gani: ni sahili au changamano, ina mwelekeo au haina. Kando yake iandike ile inayoikanusha, na hiyo ndiyo uihudumie kama mgeni wa heshima, uisukume kwa haki, usiisukume kwa hila. Nenda na kule ambako hutarajii kukuta kitu. Uliza kipi kilitangulia, mgonjwa au mganga. Pima pande zote mbili kwa namna moja. Isipoanguka ile kanushi, usiseme umethibitisha. Sema hujaona, na usione haya. Na zaidi ya yote, kama katika dhana yako kuna jina la mtu, nenda ukazungumze naye kabla kalamu haijakauka, maana karatasi haina huruma na wasomaji wake huwa na haraka.

Mola akujalie udadisi usiochoka, na moyo unaovumilia kukosea mbele za watu. Akulinde usije ukawa na akili nyingi kuliko utu. Na popote utakapopita na maswali yako, watu wafurahi kwamba ulipita, nao wabaki salama nyumbani kwao.